Tumechanga laki moja na nusu tukapande mikoko Lamu: twende ama tuache?

Swali la wiki hii nimelifupisha kidogo: "Habari daktari. Naishi Umoja hapa Nairobi. Chama chetu kimechanga shilingi laki moja na nusu, mpango ni twende Lamu Disemba tupande mikoko elfu tano, tupige picha, turudi. Shemeji yangu wa Faza, kule kisiwa cha Pate, aliposikia akasema tunaenda kutupa pesa matopeni. Wengine kwa chama wamekasirika. Nani anasema ukweli, na kama si kupanda basi tufanye nini na hizi pesa?"

Dadangu, shemeji yako amesema kwa ukali lakini yuko karibu na ukweli kuliko vile mngependa kusikia. Mkienda siku moja mkapanda miche elfu tano halafu mkarudi Nairobi, kuna uwezekano mkubwa sana mwaka ukiisha ile miche mingi itakuwa imekufa, na hakuna mtu kwa chama atajua sababu hakuna atakayerudi kuangalia. Lakini sitaki muache. Laki moja na nusu kule Kiunga ama Pate ni pesa ya maana ikiingia mahali sawa, na mimi napenda sana kuona watu wa Umoja wanafikiria bahari ambayo iko mamia ya kilomita kutoka kwao. Kwa hivyo nitajibu kwa urefu, mnivumilie.

Tuanze na kitu chenyewe. Kenya nzima ina mikoko kama hekta 61,000 hivi, na zaidi ya hekta 37,000 ziko kaunti ya Lamu peke yake, yaani katika kila hekta kumi sita ziko huko. Inaanzia upande wa Kipini, inazunguka visiwa vya Lamu, Manda, Pate na Ndau, inapanda mkondo wa Dodori mpaka juu Kiunga karibu na mpaka wa Somalia. Sehemu ya huko juu ni hifadhi ya bahari ya Kiunga, ilitangazwa 1979, na nyuma yake bara kuna hifadhi za Dodori na Boni, zote mbili za 1976. Sasa sikiliza vizuri hapa: mikoko mingi ya Lamu bado imesimama. Imechoka mahali, imekatwa vibaya mahali, lakini imesimama. Na mti wa mkoko ukiwa mzima hauhitaji mtu aje na basi kuupandia watoto. Mche unaanza kuota ukiwa bado unaning'inia juu kwa mti, unakomaa, unadondoka, maji yanaubeba, ukipata tope zuri unashika. Kila mwaka bahari inapanda miche mingi kuliko chama chochote, na haitumi invoisi.

Kwa hivyo ukifika mahali ukakuta uwanja mtupu wa tope na pembeni tu kuna mikoko mikubwa inazaa, swali la kwanza si "tupande mingapi". Swali ni: hii miche inayoletwa na maji kila msimu, mbona haishiki hapa? Mpaka upate jibu, wako pia utakufa, tena kwa sababu ile ile.

Na sababu huwa zinaonekana ukiwa na mtu anayejua. Mara nyingine ni barabara ama tuta limejengwa, maji ya bamvua, yaani yale makuu, hayafiki tena nyuma, jua linakausha, chumvi inapanda mpaka ardhi inakuwa nyeupe, hapo hata mchu, ile aina ya mikoko inayovumilia chumvi kuliko zote, unakubali kufa. Mara nyingine ni mchanga. Mikoko inapumua kwa mizizi, ile mizizi ya mchu na mlilana inayochomoza juu kama penseli zilizochomekwa kwa tope, ikifunikwa na mchanga mwingi mti unakosa hewa na unakauka umesimama. Hii si nadharia, mvua ya El Niño ya 1997 na 1998 ilishusha udongo mwingi mpaka msitu mkubwa wa mikoko pale Mwache, Mombasa, ukafa, na ukipita baadaye ulikuwa unaona vigogo vyeupe tu. Mara nyingine ni ng'ombe wanakula machipukizi, mara nyingine mawimbi yamebadilika. Na dawa ya hizi zote si miche. Kama ni tuta, dawa ni kufungua njia ya maji, na ukishaifungua mara nyingi mikoko inarudi yenyewe bila kupandwa hata mmoja.

Halafu kuna hii mambo ya aina. Kenya ina aina tisa za mikoko na kila moja ina mahali pake kulingana na vile maji yanafika. Mlilana unakaa mbele kabisa unapigwa na bahari, nyuma yake mkoko wenyewe ule wenye mizizi ya magoti, halafu muia na mkandaa, halafu huko nyuma karibu na nchi kavu mchu mfupi mfupi na kikandaa, na mkomafi pia unapatikana pande hizo za nyuma. Mtu wa Lamu anayekata boriti anaijua hii ramani kichwani bila kusoma popote. Lakini vikundi vinavyotoka mbali vyote vinapanda mkoko, na sababu ni moja tu: mche wake ni mrefu, unashikika vizuri, unachomeka kwa tope na umemaliza, hata mtoto anaweza. Mchu mbegu yake ni ndogo ya mviringo, haikai muda mrefu kabla iharibike, mara nyingi inataka kitalu kwanza na mtu wa kuiangalia, sasa nani ana huo muda na basi linasubiri? Basi unakuta mkoko umepandwa mahali pa mchu, umekauka. Ama mbaya zaidi umepandwa mbele kabisa kwa tope tupu linalofunikwa na maji karibu siku nzima, sababu pale hakuna mtu amekatazwa kupanda, hakuna mwenyewe, na kwa picha panapendeza.

Na hapo mbele mara nyingi hapakuwa patupu, palikuwa na nyasi za bahari. Hii inaniumiza sana. Kasa wa kijani anakula hizo nyasi. Nguva, ambaye Kenya amebaki wachache mno na maji ya Lamu na Kiunga ndio kati ya mahali pa mwisho ambapo bado anaonekana mara chache, anaishi kwa hizo nyasi, hana chakula kingine cha maana. Samaki wadogo wanajificha humo kabla wahamie kwa miamba. Unang'oa nyasi hai ili uchomeke mche utakaokufa, halafu unaita hiyo uhifadhi. Kwa Ufilipino walipanda hivyo kwa miaka mingi na pesa nyingi, miche mingi ikafa, na Sri Lanka baada ya tsunami ya 2004 ilikuwa vivyo hivyo, projekti nyingi miaka michache baadaye ukienda unakuta vijiti. Sisi tunaweza kujifunza kutoka kwa hao bila kulipa tena hiyo karo.

Najua kwa nini watu wanapenda kupanda. Serikali imesema miti bilioni 15 ifikapo 2032, kila ofisi inatafuta mahali pa kupanda, kila kampuni inataka namba ya kuweka kwa ripoti. Namba ya miche iliyopandwa ni rahisi kuhesabu. Namba ya miche iliyo hai baada ya miaka mitatu inataka mtu atembee kwa tope na daftari, na hiyo hakuna anayeilipia. Na vile unalipa ndivyo utapata: ukimlipa kijana wa kijijini kwa kila mche anaochomeka, atachomeka mingi, haraka, mahali pa karibu, aina rahisi, na huwezi kumlaumu, umemwambia mwenyewe ndicho unachotaka. Mkitoa pesa ya miche basi nusu mtoe siku ya kupanda na nusu baada ya mwaka, kulingana na iliyo hai. Sijui kitu kingine kimoja kinachobadilisha kazi ya upandaji kama hicho, na hakihitaji digrii.

Sasa msinielewe vibaya, kuna mahali kupanda kunafaa. Ule mkoko wenyewe wa mizizi ya magoti una tabia moja ambayo watu wa bara hawaijui: ukiukata chini ya majani hauchipui tena, umekufa. Mchu ukiukata unatoa machipukizi, mkoko hapana. Kwa hivyo mahali ambapo mkoko ulikatwa wote, eneo kubwa, mpaka miti mama iko mbali na miche hailetwi na maji ya kutosha, hapo panataka mkono wa mtu. Pate kule Mtangawanda kuna akina mama wamekuwa wakifanya hii kazi ya kurudisha mikoko na wanajua nini kinashika wapi. Wanachagua mche uliokomaa, ule wenye shingo ya njano pale unapoungana na tunda, si ule mbichi uliovutwa kwa nguvu. Wakikosa mwaka huu wanarudi mwaka ujao sababu ndiko wanakokaa. Mtu wa Nairobi akitaka kupanda apandie kwa mikono yao.

Na hapa lazima niongee kuhusu wakataji, maana watu wa huku wakisikia "kuhifadhi" wanafikiria mkataji ndiye adui. Mikoko ya Kenya ilifanywa msitu wa serikali tangu 1932. Lakini Lamu imeuza boriti kwa karne nyingi, majahazi yalikuwa yanapakia yanapeleka Uarabuni ambako hakuna miti, na nyumba za mawe za mji wa kale wa Lamu, ule ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2001, dari zake zimeshikwa na boriti za mkoko. Biashara ya kupeleka nje ilipigwa marufuku 1982. Februari 2018 serikali ikafunga ukataji wa misitu nchi nzima, na Lamu ikaingia ndani ya huo mkumbo, watu ambao hawajui kazi nyingine wakakaa nyumbani, wengine wakakata kwa siri usiku, mpaka baadaye wakalegezewa. Mimi naona ile marufuku ya jumla ilikosea kule. Mkataji mwenye leseni, anayejua eneo lake, anayekata pau nyembamba hapa na boriti pale na kuacha miti mama, huyo ni mlinzi. Shida ni pale soko linataka saizi moja tu, boriti nzuri iliyonyooka, basi kila mwaka zinatolewa zile zilizonyooka na msitu unabaki na miti iliyopinda, na watoto wanaozaliwa ni wa ile iliyopinda. Ukiangalia kwa juu kwa setilaiti unaona kijani unafurahi, ukiingia ndani kwa mtumbwi unaona msitu uliochujwa.

Kwa hivyo mkiniuliza pesa yenu iende wapi kwanza, nitasema: kwa watu wanaolinda msitu ambao bado uko. Mfano mnaoweza kuuona kwa macho uko kusini, Gazi, Kwale, unaitwa Mikoko Pamoja. Hekta 117 tu, si nyingi. Wanakijiji waliingia mkataba na shirika la misitu la KFS chini ya sheria inayoruhusu wananchi kusimamia msitu pamoja na serikali, wakaanza kuuza kaboni inayohifadhiwa na ile mikoko, yaani watu wa nje wanalipia hewa ya ukaa inayofungiwa humo, kama tani 3,000 kwa mwaka, na pesa ikaingia kwa maji ya kijiji na shule. Walipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa 2017. Vanga wakafuata na eneo kubwa zaidi, zaidi ya hekta 400. Ukiangalia kwa makini sehemu kubwa ya ile kaboni haitoki kwa miche mipya, inatoka kwa msitu wa zamani ambao haukukatwa, na zaidi kwa tope lililo chini yake. Tope la mikoko limekusanya kaboni kwa karne nyingi. Ukikata msitu wa zamani ukapanda mche mpya hujarudisha hicho, itachukua maisha ya watu kadhaa.

Haya, laki moja na nusu. Nitawaambia vile mimi ningefanya kama ningekuwa kwa chama chenu, na mnaweza kukataa. Kwanza piga hesabu ya safari. Basi kutoka Nairobi mpaka Mokowe, boti, kulala, chakula cha watu wote, boti ya kwenda huko kwa mikoko. Nina uhakika zaidi ya nusu ya hizo pesa zitaisha kabla mtu akanyage tope. Tuma watu wawili tu. Wawili, si wote, tena wawe wale wanaosikiliza kuliko kuongea, na mmoja akiwa mama itasaidia sana mkienda kukaa na akina mama wa Pate. Hao wawili waende wakae na BMU ya eneo, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, na kikundi cha msitu wa jamii kama kipo, wawaulize wanakosa nini. Jibu litawashangaza. Mara nyingi si miche. Ni petroli ya boti ya doria, ni injini imeharibika inataka spea, ni gambuti, ni posho ya vijana wawili wa kuzunguka msitu mara kadhaa kwa mwezi, ni tanki la maji la kitalu. Vitu visivyopendeza kwa picha. Halafu gawanyeni pesa kwa miaka miwili, msitoe yote mara moja, na muombe daftari: ni kazi gani imefanywa, nini kimeonekana.

Shemeji yako wa Faza ni mtaji mkubwa kuliko hizo pesa, mtumieni. Anajua nani anaaminika na nani ana kikundi cha kwenye karatasi tu, manake vikundi vya karatasi viko vingi, bodi imepakwa rangi vizuri na nyuma yake hakuna kitu.

Kama chama kinapenda wanyama zaidi ya miti, kuna mlango mwingine. Fuo za Kiunga na visiwa vyake ni mahali kasa wanapandia kutaga, sana sana kasa wa kijani, na kasa ng'amba pia. Kiota kinakaa kama miezi miwili chini ya mchanga kabla watoto watoke, na muda huo wote kiko wazi kwa mbwa, kwa watu wanaopenda mayai, kwa maji yakipanda sana. Kinachookoa viota ni mtu kutembea ufuo alfajiri kila siku ya msimu, akione, akiweke alama, akihamishe kama kiko chini sana. Hiyo ni kazi ya miguu, inataka posho na simu. Watumiaji wa nyavu nao wanahitaji sababu ya kumwachilia kasa aliyenasa, maana wavu umeraruka na siku imepotea. Watamu, Local Ocean Conservation wamekuwa wakimpa mvuvi fidia ndogo anapopiga simu kwamba amenasa kasa, wanakuja wanampima, wanamrudisha majini. Watu wengine wanasema hiyo ni kuhonga. Mimi nasema ni kulipa hasara ya mtu maskini aliyefanya jambo zuri, na napenda iendelee.

Na mfano wa pweza wa Pate lazima niutaje, sababu ndio unanipa moyo kuliko yote. Pweza anakua haraka mno, anaishi mwaka mmoja hivi au zaidi kidogo, kwa hivyo jamii ikikubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache, wakifungua wanakuta pweza wakubwa, uzito umeongezeka, bei nzuri. Wanawake wa Pate wanaovua kwa miguu maji yakitoka wameshajaribu hivi na wameona faida kwa mkono wao. Mtu akiona faida ya kufunga miezi kadhaa ndipo unaweza kuanza kuongea naye kuhusu kufunga eneo la samaki kwa miaka. Ukianza na miaka utafukuzwa.

Hapa Nairobi kwenyewe kuna kitu mnaweza kufanya bila kutoka Umoja. Kamba mawe wengi wanaoliwa kwa mahoteli ya huku wanatoka hayo maji ya kaskazini, Kizingitini, Kiunga. Jike mwenye mayai hatakiwi kuvuliwa wala kuuzwa, na mdogo sana pia. Mvuvi atamrudisha baharini kama mnunuzi hamtaki, na mnunuzi hatamtaka kama hoteli imekataa. Mkiwa na harusi ama sherehe mahali panapouza kamba, ulizeni jikoni. Ni swali dogo lakini linasafiri mpaka Kizingitini haraka kuliko sheria.

Sasa nifike kwa jambo ambalo naona ndilo kubwa zaidi kwa mtu wa Nairobi, na karibu hakuna anayeliuliza. Maji mnayotumia hapo Umoja sehemu kubwa yanatoka Ndakaini, bwawa lililojengwa kwa mto Thika na kumalizika 1994. Mto Thika ni mtoto wa Tana. Kama tusingeyachukua yangeteremka mabwawa ya Masinga na Kiambere, yapite Garissa, yaingie bahari pale Kipini, kwa delta ambayo tangu 2012 iko kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu ya dunia. Tumeyachukua, tumeoga, tumefua, na yakitoka kwetu hayarudi Tana. Yanaenda kwa mitaro na mabomba, mengine yanafika Ruai kusafishwa, mengine hayafiki, yote yanaishia mto Nairobi, mto Nairobi unaingia Athi, Athi unakuwa Galana, Galana unakuwa Sabaki, na Sabaki unaingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Yaani jiji letu linanyonya maji masafi kwa mto mmoja wa pwani na kuyatapika machafu kwa mwingine.

Matokeo yanaonekana pande zote mbili. Upande wa Tana, mabwawa yameshika udongo na mafuriko yale madogo ya kila mwaka, delta inapata udongo kidogo, na maji ya chumvi yanapanda mto, vijiji kama Ozi vinaona mashamba yanaharibika. Mikoko nayo inapenda mchanganyiko wa maji baridi, yaani ya mto yasiyo na chumvi, na ya chumvi, ikikosa baridi kabisa inadumaa. Halafu miaka mingine mabwawa yanajaa yote yanafunguka kwa mkupuo, kama 2024, delta inapigwa mara moja badala ya kulishwa polepole. Upande wa Sabaki ni kinyume, udongo mwingi kupita kiasi pamoja na taka za jiji, na msimu wa upepo wa kaskazi mkondo unausukuma kusini mpaka kwa miamba ya hifadhi ya bahari ya Malindi, ambayo ni ya 1968, kati ya za kwanza kabisa Afrika. Matumbawe yanataka mwanga. Tope likitanda juu yake hayapati.

Kwa hivyo dampo la Dandora, ambalo liko kando kabisa ya mto Nairobi na si mbali na nyinyi, ni suala la uhifadhi wa bahari. Chupa na makasha yanayosombwa pale mvua ikinyesha yanajua njia ya Sabaki. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilisaidia, mimi niliona tofauti, lakini chupa, kandambili na vifuniko bado. Lamu walichukua hizo hizo takataka za ufuoni wakajenga jahazi lililofunikwa kwa vipande vya kandambili, Flipflopi, likasafiri mpaka Zanzibar 2019. Jahazi limewapa watu wa Lamu sauti. Jiji lililo juu ya mto ndilo halijajibu. Chama chenu kikichukua elfu thelathini ya hizo pesa na kuungana na vijana wanaosafisha kingo za mto upande wa Dandora na Njiru, kikaenda na diwani wenu kuuliza taka za mtaa zinapelekwa wapi na zinashukia wapi, mtakuwa mmefanya kazi ya pwani ya kaskazini kweli kweli.

Kuna na karatasi. Projekti kubwa zinaamuliwa huku kwetu, si Lamu. Gati ya kwanza ya bandari ya Lamu ilifunguliwa Mei 2021, na kabla ya hapo bahari ilichimbwa, tope likavurugika, wavuvi wa karibu wakapoteza mahali pao. Mahakama kuu ya Malindi 2018 iliamua wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76 na kwamba haki zao zilikiukwa. Juni 2019 baraza la kesi za mazingira (National Environment Tribunal) likafuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe huko, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Ona hiyo: kilichosimamisha ule mtambo ilikuwa watu kusoma ripoti na kuuliza maswali. NEMA, mamlaka ya mazingira, ikitangaza ripoti ya athari za mazingira, raia yeyote anaweza kuandika maoni, hata wa Umoja. Kwa chama lazima kuna mtu mmoja anayependa kusoma mambo marefu, mpeni hiyo kazi.

Wale wawili wakienda, wasichague Disemba kwa sababu ya likizo tu. Wampigie shemeji awaangalizie kalenda ya maji, wafike siku za bamvua, maana maji makuu ndiyo yanaonyesha bahari inafika wapi na haifiki wapi, na siku za mafu, maji yakiwa madogo, hazionyeshi kitu. Waingie msituni maji yakitoka, na mtu wa pale, viatu vya kufunga si kandambili, tope linavua. Barabara ya Minjila kwenda Lamu waulize hali ya usalama kabla ya kupanga, wasisafiri usiku, na Kiunga wasiende bila mwenyeji na bila kujulisha shirika la wanyamapori, KWS. Wakifika mahali wameambiwa pamekatwa, wachukue simu wapige picha ya chini, si ya juu: kama kuna miche midogo imeshaanza kuota yenyewe kati ya visiki, wasipande hapo, waulize tu nani anapalinda na analipwa na nani. Kama chini ni patupu na jirani hakuna miti inayozaa, wanitumie hizo picha na jina la mkondo, nitawaambia ni aina gani itashika.